Mbuzi choma mtamu, ila watoto wa pale wananiuma roho

Msosi sina neno, mbuzi laini, ugali wa uwele wa moto na mlenda, bei poa kwa sie wa Majengo. Shida wenye mgahawa. Baba na mama wako bize na droo ya hela, wanagombania mauzo mbele ya wateja, huku kabinti kao kanaosha masahani saa 4 usiku bado kana sketi ya shule, na kaka mtu kashaacha skuli anashinda vijiweni Sabasaba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi jamani, na kumsomesha ni wajibu wa mzazi sio hisani. Ajirini basi hata dada mmoja wa vyombo, hela ipo tunaiona. Nyota mbili.