Tiba lishe: mimi mwanamke naambiwa tezi dume yangu imetanuka

Naandika bado nina hasira, naomba mnivumilie. Mi nina kisukari, natumia vidonge vya metformin vya kushusha sukari miaka sasa, na sukari ya asubuhi ilikuwa imegoma kushuka, inacheza kwenye 11 tu kila nikipima. Jirani yangu akaniambia kuna mtaalamu wa tiba lishe hapa hapa Dar, hatumii kemikali, ni vyakula na mimea, kamsaidia shemeji yake. Nikaenda. Jina la kliniki siliweki.

Mapokezi sina la kusema, wana heshima, maji unapewa. Shida imeanzia kwa dokta (mlangoni imeandikwa dokta). Ana kompyuta na kichuma kimeunganishwa na waya, unakikamata kiganjani kama dakika moja hivi, usiongee usitikisike. Eti hiyo dakika imeshapima moyo, ini, figo, mifupa, macho mpaka madini ya zinki, na hakuna tone la damu wala mkojo lililotoka. Yakaja makaratasi rundo, mistari myekundu kila mahali, akaanza kunisomea: figo zimechoka mama, ini limejaa sumu, usipowahi utaishia kusafishwa damu na mashine. Jamani mikono ilinikufa ganzi. Kaka yangu alifariki kwa figo, na pale mi nilikuwa namuona kaka na ile mipira yake.

Sasa yeye anaongea, mi nafunua kurasa, nakuta imeandikwa TEZI DUME, mstari mwekundu, imetanuka kiasi. Nikarudia kusoma. Nikaenda juu kabisa kwenye jina, jina ni langu, umri wangu, jinsia wamejaza mwanaume. Nikamwonyesha kwa adabu kabisa, dokta samahani, hapa pana tezi dume na mimi ni mwanamke. Karatasi hakuiangalia hata. "Mama, umekuja kutibiwa au umekuja kunifundisha kazi?" Kwa sauti ya juu, mlango uko wazi, benchi zima nje linasikia. Nikamwambia basi tupime upya, akasema mashine haikosei, aliyekosea ni aliyejaza, figo zako ni zile zile.

Zile zile vipi? Kama kile chuma kinasoma mwili wangu kimeipata wapi tezi ambayo sikuumbwa nayo? Maana yake kinatoa kile kilichojazwa kwenye kompyuta, basi, na kama ukurasa ule ni uongo kwa nini ukurasa wa figo niuamini? Hapo ndo nimekwama mpaka leo, naosha vyombo naisikia ile sauti.

Halafu dozi, 480,000 kwa mwezi, makopo manne, na juu yake ananiambia dawa za hospitali zipumzishe wiki mbili kwanza damu isafishike. Kwa woga wa figo nililipa nusu. Usingizi sikupata siku tatu, ya nne nikaenda hospitali nikapimwa damu ile kreatinini (taka ambayo figo huitoa kwenye damu), na mkojo kuangalia protini, vyote viko sawa. Daktari wa pale akaniambia figo ndo zinapimwa hivi, kwa damu na mkojo.

Lakini niseme na hili maana nisiposema nitakuwa namdhulumu mtu. Siku ile natoka pale nalia, kuna binti msaidizi wao alinifuata mpaka getini. Kasomea lishe Sokoine kule Morogoro. Akaniambia taratibu, mama, metformin usiache, tafadhali. Akachukua yale makaratasi yangu akageuza nyuma akachora sahani, nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ugali, na ugali uwe wa dona, usizidi ngumi yako. Juisi ya embe niliyokuwa nakunywa kila siku nikijua ni kitu cha asili, akasema kula embe lenyewe, tena kipande, ukilisaga ukalichuja nyuzinyuzi zote unatupa unabaki na sukari inayokimbilia kwenye damu. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo, hospitali wananiambia tu "punguza wanga" halafu anaitwa mwingine. Nimefuata ile sahani wiki kadhaa, juzi asubuhi nimepima 7.2, na makopo yao sijafungua hata moja.

Kwa hiyo sijui niseme niliibiwa au nilisaidiwa. Nilianza kuandika nikitaka niwaambie msikanyage pale, nimefika hapa naona kama lishe yenyewe ni kweli kabisa, ile sahani imenifanyia kazi. Hapana lakini, kumwambia mgonjwa wa kisukari aache dawa kwa karatasi ya mashine isiyojua huyu ni mke au mume, hilo sisamehi. Kama lazima uende, muulize kwanza cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria yake ipo tangu 2002, mi sikuuliza. Au muulizie afisa lishe kwenye hospitali ya wilaya, kumbe wapo.

Ile karatasi ninayo bado, upande wa sahani nimeubandika jikoni. Na yule binti akihama pale, anayejua kaenda wapi aniambie, nitamfuata.