Programu ya kupanga viwango vya vibarua na bili: tuliyoyaona ofisini kwetu Mombasa

Ofisi yetu hupeleka watu wa kazi kwenye magodauni ya Shimanzi, yadi za kontena za Changamwe na hoteli za Nyali. Mimi ndiye ninayeandaa mishahara yao na bili za wateja. Kwa miaka mingi niliifanya kazi hiyo kwa Excel: jedwali moja la kumlipa kibarua, jingine la kumdai mteja, ovataimu naiingiza kwa mkono. Sasa tuna programu ambayo saa zikishaingia mara moja inatoa hesabu za pande zote mbili. Jina lake naliacha, kwani nyingi za aina hii zimeundwa kwa mtindo huohuo, na ya kuangalia ni yaleyale.

Uzuri wake uko kwenye masharti, yaani kanuni unazoiwekea za saa gani zihesabiwe kwa kiwango gani. Kanuni za mishahara za Kenya zinataka ovataimu ya siku ya kawaida ilipwe mara moja na nusu, na ya siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Kuyaingiza hayo ni kazi ya asubuhi moja. Bili ndiyo yenye mambo. Kibarua wa shilingi 150 kwa saa, tuseme, mteja tunamdai 190. Akifanya ovataimu analipwa 225. Mteja naye adaiwe 285, yaani 190 mara moja na nusu, au 265, yaani 225 pamoja na zile 40 zetu? Wateja wetu hawakukubaliana nasi namna moja, na programu inaruhusu kila mmoja awe na hesabu yake. Hapo naisifu kwa moyo wote. Ila mwenye kuchagua 40 isiyobadilika akumbuke kwamba ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 anayolipa mwajiri juu ya mshahara ghafi, unapanda pamoja na ovataimu, na 40 imesimama palepale.

Masharti husomwa kutoka juu kwenda chini, na la kwanza linalolingana na zamu ndilo linaloshika. Kwa hiyo sikukuu iwekwe juu ya ovataimu. Posho ya usiku tunaiongeza pembeni, shilingi 30 kwa saa, na hapo pia kuna swali: usiku wa sikukuu ni 150 mara mbili kisha 30, yaani 330, au ni 180 mara mbili, yaani 360? Programu inaweza yote mawili. Jibu litoke kwenye mkataba, lisitoke kwa fundi anayekuja kuiweka.

Lawama yangu kubwa ni saa sita usiku. Programu ilivyokuja, zamu nzima huhesabiwa kwa tarehe iliyoanzia. Anayeingia tarehe 19 Oktoba saa kumi na mbili jioni na kutoka alfajiri ya tarehe 20, sikukuu ya Mashujaa, hupewa saa zote 12 kwa kiwango cha kawaida. Sisi sikukuu tunailipa mara mbili, basi saa sita zimempita, shilingi 900. Kwa mtu aliyebeba magunia usiku kucha hilo si jambo dogo, na wala si haki. Kitufe cha kuikata zamu usiku wa manane kipo, lakini kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio, na aliyetuuzia hakutuonyesha. Tulikigundua tulipoijaribu kwa zamu za zamani kabla ya kuianza.

Kisha kuna Idi. Kalenda ya sikukuu imejazwa mwaka mzima, lakini Idi haijui kalenda, inangoja mwezi uandame. Tarehe unaweza kuirekebisha, na zamu ambazo hazijafungwa zinajihesabu upya zenyewe. Zilizofungwa lazima uzifungue moja moja, na watu wakiwa wengi inachosha kweli.

Bei hulipwa kwa dola kwa kila mfanyakazi aliyelipwa mwezi huo, kwa hivyo Desemba, hoteli zikijaa, inauma. Hata hivyo nitabaki nayo.

Ninachowadai wenye programu hadi leo ni hati ya mshahara. Mteja anaona kwenye bili kila sharti kwa mstari wake: saa za kawaida, ovataimu, sikukuu, kisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Kibarua anaona jumla tu. Masharti ni yaleyale na saa ni zake, na yeye pia aonyeshwe mistari hiyo, kwa Kiswahili, kabla M-Pesa haijaingia.