Adobe Stock kwa mpiga picha wa Mbeya: pa kuanzia pazuri, hela ya taratibu

Kati ya masoko ya picha ya mtandaoni, Adobe Stock ndiyo tungemwelekeza anayeanza, awe Mbeya, Iringa au Njombe. Sababu kubwa ni mgawo usiobadilika: kila picha inaponunuliwa unapata asilimia 33, uwe na picha kumi au elfu kumi. Shutterstock, soko jingine la picha, tangu Juni 2020 huanzia asilimia 15 na kupanda hadi 40 kadiri unavyouza, halafu kila Januari mosi unarudishwa chini. Adobe haikufungi, picha ileile unaweza kuipeleka kote kuwili.

Kujisajili ni bure. Faili liwe JPEG, rangi za sRGB (mpangilio wa kawaida wa rangi za skrini), lisizidi MB 45, na picha iwe na angalau megapikseli 4, yaani mfano pikseli 2,500 kwa 1,600. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama kawaida imeshabanwa. Chukua ya kwenye kadi.

Kasheshe inaanzia kwenye ukaguzi. Ukungu wa asubuhi wa Uyole au Tukuyu unapendeza, lakini mwanga ni hafifu, kamera inapandisha ISO (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga), na chengachenga zinajaa kwenye sehemu za giza. Kwenye simu huzioni. Fungua picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia 100 uipitie kona kwa kona: anga la kijivu litakuonyesha pia madoa ya vumbi la kiangazi yaliyoganda kwenye sensa, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Yafute kabla ya kutuma. Tumia stendi, ISO ibaki kati ya 100 na 400, na usilazimishe kung'arisha vivuli baadaye.

Kikwazo kingine ni nembo. Chukua soko la Mwanjelwa: gunia la viazi lina jina la mbolea, mchuuzi kavaa jezi ya klabu, nyuma kuna bango la soda. Picha hiyo kibiashara haipiti mpaka vyote vifutwe. Kitenge chenye mchoro unaotambulika nacho kinaweza kuleta maneno. Na kila mtu anayetambulika lazima asaini fomu ya idhini mbele ya shahidi. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Chapisha fomu, tembea nazo kwenye begi. Kumrudia mama wa sokoni wiki ya pili kuomba saini ni kazi ya kukatisha tamaa.

Machweo nayo yamejaa kule, usipoteze bando. Piga kazi: mikono ikichambua parachichi Rungwe, chai ikichumwa Mufindi, mbao zikipangwa Mafinga. Maneno ya utafutaji yaandike kwa Kiingereza. Mwisho ni 49, lakini kumi ya kwanza ndiyo yenye uzito, kwa hiyo hapo weka tunda, kitendo, mhusika na nchi. "Uzuri" na "asili" yasogee nyuma.

Hela sasa. Picha ikichukuliwa na mteja anayelipia kifurushi cha mwezi inaweza kukuingizia dola 0.33 tu. Kiwango cha chini cha kutoa ni dola 25, yaani mauzo kama 76 ya namna hiyo, na malipo ya kwanza huombwa siku 45 baada ya picha ya kwanza kuuzwa. Hupitia huduma za malipo za mtandaoni kama PayPal au Payoneer. Hakikisha mapema kwamba akaunti yako inaruhusiwa kupokea, si kulipa tu. Jaza pia fomu ya kodi ya W-8BEN. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mauzo ya wateja wa huko hukatwa asilimia 30.

Dosari inayotukera zaidi: picha za wachangiaji zilitumika kufundisha Firefly, mashine ya Adobe ya kutengeneza picha iliyotoka 2023. Asiyeridhia hilo asipakie hata moja.