TAHADHARI: Fundi wa Kisumu anayeuza "Windows ya maisha"

Watu wa Kisumu, na nyinyi wa Ahero na Maseno mnaoleta mashine mjini zitengenezwe, someni hii kabla hamjamwachia mtu kompyuta. Mikono inanitetemeka kwa hasira, kwa hivyo mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Mashine ni ile ya kazi, ninayopigia watu chapa na kuwaingilia eCitizen. Mnakumbuka ile stima iliyopotea ikarudi kwa kishindo na kuunguzia watu friji na runinga. Basi na mimi madabodi yangu, ule ubao mkuu wa ndani, ilikwenda siku hiyo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na steji. Madabodi aliweka vizuri, bei aliyosema ndiyo niliyolipa, hapo simdai kitu. Ubaya ulianza baada ya mashine kuwaka.

Aliniita nisogee. Akachukua ile madabodi iliyoungua, akanigusishia kwa ncha ya bisibisi kidude kimoja cheusi chenye miguu minane, akasema, "Madam, Windows yako ilikuwa inaishi humu. Ubao umekufa, nayo imekufa. Hata ukilia haifufuki." Alisema kwa huruma kabisa, sauti chini, mpaka nikamwambia pole yeye! Kisha akasema anayo Windows ya maisha, yaani leseni isiyoisha muda, ya kutoka Microsoft wenyewe, anauza 9,000 lakini kwa vile mimi ni wa nyumbani nilete 6,000.

Kabla hamjanicheka: huyu ndiye aliyetengeneza spika za kanisa letu, na mchungaji ndiye aliyenipa namba yake. Na alinionyesha kidude chenyewe kwa macho yangu! Mtu anakuonyesha kitu, utabishana naye na nini?

Akafuta diski yote. Akaweka Windows upya, kisha akatoa simu na kuanza kusoma herufi 25 za ufunguo wa leseni kwa sauti, moja moja, kama mwalimu mkuu anayesoma matokeo ya KCSE, huku akizigonga kwa kidole kimoja. Zikakataa. Hakushtuka. Akachomeka flashi, dirisha jeusi likafunguka, maandishi yakakimbia, likajifunga. Katikati ya hayo akashuka pale kwenye saa, akaizima antivairasi. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Hiyo huionea wivu Windows ya Afrika." Nami nikacheka! Nilicheka naye, jamani. Nikatuma pesa kwa M-Pesa, jina likatokea la mwanamke, akasema ni mke wake. Risiti? "Madam, mimi na wewe tutafutane na risiti kweli?"

Mtoto wa dada yangu aliye chuoni ndiye aliyegundua. Alikuja kuprinti kazi yake, akaangalia mashine, akanyamaza. Akaandika slmgr /xpr, amri ya kuonyesha leseni inaisha lini, kisanduku kikatokea kina tarehe ya mwisho. "Anti, ya maisha haiwi na tarehe." Ni ile ya kudanganya mashine kwamba iko kwenye ofisi kubwa yenye leseni ya jumla, inayotoa siku 180 kila mara. Antivairasi ilikuwa bado imezimwa, na kuna folda imeamriwa isikaguliwe kabisa. Fikirini ni nini huandikwa kwenye mashine ile kila siku: paswadi za eCitizen, PIN za KRA, HELB za watoto wa watu. Nimeanza kuwapigia wateja mmoja mmoja wabadilishe paswadi. Hiyo aibu mnaijua?

Na kinachoniua ni kwamba aliyosema yalikuwa na ukweli nusu. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows ndani, leseni yake hufungwa na madabodi, na kwa zile za kuanzia Windows 8 ufunguo hukaa kweli kwenye kile kidude. Lakini yangu niliinunua kando, ile ya wakati wa corona, mnajua nilivyohangaika nayo, na iko kwenye akaunti yangu ya Microsoft. Ya namna hiyo huhamia madabodi mpya bila shilingi: unaingia kwa akaunti yako, unafungua sehemu ya uwezeshaji (Activation) kwenye mipangilio, unaiambia umebadilisha kifaa juzi juzi. Wala diski haikuhitaji kufutwa. Windows 10 na 11 kwa kawaida huwaka kwenye madabodi mpya, hukaa kidogo zikitafuta vifaa vyake, zikaendelea. Mitihani ya shule tatu niliyokuwa nimepiga chapa imekwenda hivyo hivyo.

Kwa hivyo mtu akitaka kufuta diski kabla hata ya kujaribu kuiwasha, chukua mashine yako uondoke. Akizima antivairasi, ondoka. Windows 11 Home huko Microsoft ni dola 139, yaani zaidi ya 17,000, sasa hii ya 6,000 inatoka wapi? Na kama diski yako ina BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kuficha vilivyo kwenye diski, zile tarakimu 48 za kuifungulia zitoe kwenye akaunti yako mapema, madabodi ikibadilishwa utaulizwa.

Huyu mtu afungwe. Asiambiwe arudishe pesa tu, afungwe! Sheria ya uhalifu wa mtandao ipo tangu 2018, si ya wanablogu peke yao. Nilimpigia, akaniambia "Windows haina waranti, madam," akakata, sasa namba yangu ameifungia. Mchungaji naye ananiambia tumwombee. Aombewe akiwa ndani.

Jina siliandiki hapa, polisi wanalo, na nambari ya OB, ile ya kitabu chao cha ripoti, ninayo. Ujumbe wa M-Pesa sijaufuta. Kama na wewe ulipita kwake ukauziwa hiyo ya maisha, usiufute wako pia, na usiingie benki kwa mashine hiyo. Nitafute tuandikishe pamoja, maana afisa ameniambia nikiwa mlalamishi mmoja wataiita "kutoelewana na fundi".