Seti ya shokapu za dragi kwenye Mark II: uzoefu wangu ndani ya Dar

Wanaouza seti hizi wanazungumzia mita 402 tu, yaani mbio za dragi, za kuondoka umesimama na kunyoosha mpaka mstarini. Mimi nazungumzia na barabara iliyobaki, kwa sababu gari niliyofungia ndiyo hiyohiyo inayonipeleka kazini Posta nikitokea Goba.

Gari ni Toyota Mark II ya bodi ya 110, ile yenye injini ya 1JZ-GTE na tabo, nguvu za farasi 280 kwa makaratasi ya kiwandani, manyo (gia za mkono), inasukumwa na tairi za nyuma. Ikiwa na shokapu za kawaida, ukiachia klachi kwa pupa gia ya kwanza yote inaishia kwenye moshi. Ndiyo maana nikachukua seti: springi laini za mbele, shokapu za mbele zinazofunguka kwa wepesi na kujikunja kwa shida, shokapu za nyuma za kurekebisha, na bushi ngumu za plastiki nyuma nzima badala ya zile za mpira. Stabilaiza ya mbele, ile fimbo ya chuma inayozuia bodi kulala kwenye kona, inang'olewa kabisa. Milioni tatu na ushee, ushuru na fundi mbali. Chapa siitaji, maana ninayoyalalamikia utayakuta kwenye seti yoyote iliyotengenezwa kwa kazi hii.

Haki yake kwanza. Kwenye kuondoka inafanya kazi. Pua inanyanyuka, nyuma inakaa, tairi zinang'ata, na zile mita 18 za mwanzo ambazo wenye mbio huzipima peke yake zinapita bila gari kuyumba. Ila soma karatasi ya muda unayopewa ukimaliza mbio mpaka chini: muda umepungua, lakini spidi ya kumalizia mstari iko karibu palepale. Ni sawa tu, injini haijaongezwa kitu.

Halafu kuna hili la uzito kuhamia nyuma, ambalo ndilo wanalouzia. Kiasi cha uzito kinachohama hakipangwi na springi. Kinatokana na uzito wa gari, inavyochomoka, kimo cha kitovu cha uzito kutoka chini, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Chukua gari ya tani moja na nusu, kitovu kiko nusu mita kutoka chini, ekseli zimeachana mita 2.75, inachomoka kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia: zinahama kama kilo 136. Weka springi laini, weka ngumu, kilo ni zilezile kasoro kidogo. Seti inachobadilisha ni jinsi zinavyofika nyuma, kwa kishindo au kwa mpangilio. Sasa kuna vijana wanafunga seti hii halafu wanaishusha gari mpaka tairi inaingia kwenye madigadi ili ipendeze. Kwa kuishusha wanapunguza uleule uzito walioulipia uhame.

Tuje mjini. Matuta makubwa ukienda taratibu unayavuka. Shida ni rasta, vile vituta vidogo vinavyopangwa mfululizo kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Shokapu inayofunguka upesi na kujikunja polepole haipati muda wa kurudi kabla ya rasta inayofuata. Ya kwanza pua inapanda kidogo, ya pili inapanda tena, ukifika ya mwisho boneti iko juu kuliko ulivyoingia na stelingi imekuwa nyepesi mkononi. Na hapo mbele yako ndipo watoto wa shule wanavuka. Hili sikuliona likiandikwa popote kwenye tangazo.

Breki nazo hazina raha. Daladala ikikuchomekea ghafla, shokapu zinachelewesha kidogo tu, mwishowe springi laini zinaiacha pua izame na nyuma inabaki nyepesi. Kwenye kona, kung'oa stabilaiza ya mbele kunalaza bodi ubavu, na kwa gari ya tairi za nyuma, nyuma inaanza kutaka kutangulia. Siku ya jua unavumilia. Masika, lami ya kona za kupandia daraja la Kijazi pale Ubungo imelowa, mguu wangu wa mafuta ulikuwa na adabu ambayo mama yangu hakuwahi kuipata kwangu.

Bushi ngumu zinalia. Unapaka grisi, zinanyamaza, ukipita vumbi na matope ya njia za ndani Goba zinaanza upya, na mtetemo wote wa barabara unakuja mpaka kwenye kiti. Mama watoto siku hizi akisikia tunaenda kwa dada yake Kigamboni anauliza kwanza tunaenda na gari gani.

Lakini gharama yenyewe iko chini ya gari. Kabla ya seti, nguvu ikizidi tairi ilikuwa inateleza, nayo ilikuwa kama fyuzi. Sasa haitelezi. Shafti ya kulia, ile inayotoa nguvu kwenye difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) na kuipeleka tairini, ikakatika kwenye kuondoka, mlio mmoja mkavu, injini inanguruma na gari imesimama. Fundi aliitoa, akaiinua kwenye mwanga: chuma kimejisokota kama sentimita kadhaa kabla ya kuachia. Akaniambia, "Kaka, hapa bado. Ukiweka shafti ngumu, zamu ya difu. Ukiweka difu, klachi itakuita." Nilipata shafti ya mtumba Gerezani, lakini maneno yake niliyabeba, maana bei ya seti ni kiingilio tu.

Mwenye gari ya mbio peke yake, inayopandishwa kwenye trela mpaka eneo lililofungwa na kurudishwa hivyohivyo, seti hii itamfaa na namshauri atenge hela ya shafti mapema. Mwenye gari moja ya kila kazi aanze na tairi nzuri za nyuma na kupima upepo vizuri. Kwangu ni nyota mbili na nusu kati ya tano.

Nimerudisha stabilaiza, shokapu na springi za zamani mbele, nikapiga alaimenti upya kwa sababu tairi zilikuwa zimeshalika upande wa ndani. Shokapu za nyuma nimebaki nazo, nimezilegeza. Za mbele zipo kwa fundi, zinauzwa. Ya kushoto ina kutu kwenye uzi wa kurekebishia, chumvi ya huku pwani, kwa hiyo anayekuja aje na spana yake na subira.