Siku 47 kwa Mazungumzo ya Dakika 50

Mpwa wangu aliwasilisha maombi ya kujiunga na chuo kikuu kimoja cha kaskazini-mashariki mwa Marekani tarehe 1 Januari, siku ya mwisho kabisa, na wiki mbili baadaye akarejea shuleni mkoani Morogoro kumalizia kidato cha sita. Shule yake ni ya bweni na simu haziruhusiwi, hata kwa viranja. Kwa hiyo nywila ya barua pepe yake alinikabidhi mimi niliyebaki Dar es Salaam, na hivyo mjomba ndiye aliyebeba kazi ya kusubiri usaili wa mhitimu, yaani mazungumzo ya mwombaji na mtu aliyewahi kusoma chuoni humo. Naandika tathmini hii kama mtumiaji wa huduma kwa niaba ya mpwa wangu. Chuo chenyewe sitakitaja, maana ninachokipima ni utaratibu ambao vyuo vingi vya aina hiyo huufuata kwa namna inayofanana.

Kwetu jambo hili halipo. Anayemaliza kidato cha sita huomba chuo kwa ufaulu wake, na hakuna anayemketisha kumuuliza anapenda nini. Vyuo vya Marekani ambavyo kuingia kwake ni kwa ushindani mkubwa vina desturi ya kuwatumia wahitimu wao wanaojitolea bila malipo: mhitimu humwandikia mwombaji, hukutana naye mahali pa hadhara au kwa video, huzungumza naye kwa nusu saa au saa nzima, kisha hupeleka ripoti kwenye ofisi ya udahili. Mwombaji hatozwi chochote kwa usaili wenyewe. Si vyuo vyote vinavyoendelea na desturi hiyo. Brown imeiacha na sasa hupokea video fupi anayojirekodi mwombaji, na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kimeacha hata kuuita usaili, kinauita mazungumzo. Yale nayo inasema wazi kwamba haina wasaili wa kuwatosha waombaji wote, hivyo hutanguliza wale ambao kamati inahitaji kuwajua zaidi.

Maelezo ya namna hiyo ni ya kweli, lakini ndiyo yanayomnyima mwombaji usingizi. Asiyeitwa anaweza kuwa amekosa tu msaili wa eneo lake, au kamati imeridhika naye kiasi kwamba haina la kuuliza, au imekwisha kumweka kando na haioni sababu ya kumsumbua mhitimu. Ukimya ni ule ule katika hali zote tatu. Nilikuwa nikifungua barua pepe alfajiri kabla ya kupanda mwendokasi, nikifungua tena mchana, nikimaliza na folda ya barua taka usiku, na kila Jumapili mpwa wangu alipoazimwa simu ya matroni maongezi yetu yalianza vile vile: "Shikamoo mjomba, wameandika?" "Marahaba, bado."

Wiki ya tano niliandikia ofisi ya udahili, nikajitambulisha kama mlezi. Walijibu ndani ya siku moja, kwa adabu, kwamba usaili hauna uhakika kwa kila mwombaji na kwamba kuukosa hakumpunguzii mtu nafasi. Sikuwa na sababu ya kulikataa jibu hilo, ila halikunisaidia. Nilichokihitaji ni tarehe moja: siku ambayo wasaili wanatakiwa wawe wamekamilisha ripoti zao, ili ikipita niache kufungua folda ya barua taka na mtoto aendelee na mitihani yake ya majaribio bila kuniuliza. Chuo lazima kiwe na tarehe hiyo, kwa kuwa majibu ya maombi hutoka mwishoni mwa Machi na ripoti husomwa kabla yake. Sioni kinachozuia kumwambia mwombaji, na hili ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu huduma nzima.

Lalamiko la pili ni dogo kiasi, lakini wazazi wa mabinti watanielewa. Barua ilipofika, tarehe 17 Februari, ilikuwa kweli ndani ya barua taka, imetoka kwenye anwani binafsi ya mtu nisiyemjua, haina nembo ya chuo, na inamwomba msichana wa miaka 18 wapange muda wa kuonana kwa video. Wazo langu la kwanza lilikuwa tapeli. Niliituma kwa ofisi ya udahili, wakathibitisha kwamba ni mhitimu wao na ameorodheshwa kama msaili, ndipo nikajibu. Mzazi mwingine angeifuta hapo hapo, na mwanawe angehesabiwa kuwa hakujibu.

Nyongeza kwa wenzangu wanaosoma saa kwa Kiswahili: msaili alipendekeza saa 11:00 asubuhi kwa majira ya pwani ya mashariki ya Marekani. Mwezi Februari sisi tunawatangulia kwa saa nane, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa moja usiku. Nilipompigia mwalimu wa taaluma nikamtajia "saa tano yao, saa moja yetu", aliandika yote mawili kwenye karatasi moja, na matroni aliyeipokea akaelewa kwamba binti atolewe kwenye masomo ya usiku saa tano. Kosa liligundulika siku moja kabla, kwa bahati.

Usaili wenyewe ulifanyika kwenye chumba cha kompyuta cha shule, mwalimu akiwa ameketi nje ya mlango, na ulichukua dakika 50. Hapa nasifu bila kubania. Msaili hakuwa na alama wala insha za mpwa wangu. Alikuwa na jina, shule na mawasiliano tu, jambo ambalo ni la kawaida katika vyuo hivi, na kwa sababu hiyo alilazimika kuuliza na kusikiliza. Katika fomu ya maombi mpwa wangu alikuwa ameandika mstari mmoja, "Klabu ya Jiografia, katibu". Alipoutaja kwa msaili, huyo aliuliza katibu hufanya nini, naye mpwa wangu akaeleza kwamba tangu kidato cha tano husoma kipima mvua cha shule kila asubuhi na kuandika milimita kwenye daftari, na kwamba mwaka jana aligundua mwanafunzi wa zamu alikuwa akibuni tarakimu siku ambazo hakuamka mapema, kwa kuwa tarakimu zake zote ziliishia na sifuri au tano. Walizungumzia daftari hilo kwa karibu robo saa. Sisi tuliosoma insha zake mara nne hatukuwahi kumshauri aliandike.

Desturi hii ina asili isiyopendeza. Miaka ya 1920, baada ya pendekezo la rais wa Harvard, Lawrence Lowell, la kuwawekea Wayahudi kikomo kukataliwa waziwazi, vyuo vikubwa vya kaskazini-mashariki viligeukia kupima "tabia" ya mwombaji kwa picha, barua na usaili, na wasiotakiwa wakachujwa kwa njia hiyo. Karibu miaka 100 baadaye, katika kesi ya ubaguzi wa udahili dhidi ya Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, uchambuzi wa walalamikaji ulionyesha kwamba Wamarekani wenye asili ya Asia walipewa alama za chini za haiba na maofisa wa udahili, ilhali wahitimu waliozungumza nao uso kwa uso waliwapa alama zinazokaribiana na za Wazungu. Kipengele kilichobuniwa ili kuchuja watu kilikuwa kimegeuka kuwa mahali ambapo mtu anaonwa na mtu mwenzake. Kwa hilo nisingependa kifutwe, ingawa vyuo vinazidi kukifuta.

Majibu yalitoka mwishoni mwa Machi. Mpwa wangu aliwekwa kwenye orodha ya akiba. Mwenzake wa bweni moja, aliyeomba chuo hicho hicho na hakuandikiwa na mhitimu yeyote, alipokelewa. Mazungumzo nayapa nyota tano, utaratibu wa kuyasubiri nyota moja, na sitatafuta wastani kwa sababu ni vitu viwili vinavyoendeshwa na watu tofauti. Anayejiandaa kuomba akiwa bwenini amwachie mtu mzima nywila yake, na mtu huyo asipuuze folda ya barua taka.

Mwezi Aprili msaili aliandika tena, na hakugusia chuo. Aliuliza masika imefikia milimita ngapi. Nilimsomea mpwa wangu barua hiyo kwenye simu ya matroni, naye akaniomba nisubiri kidogo akachukue daftari.