Kinyozi wa watoto Bamburi: mashine safi, taulo ndo shida

Kama una mtoto wa shule bas wayajua mapunye, yale mabaka ya mviringo kichwani, apata mmoja na muda si muda chuo kizima wajikuna. Yaambukiza kwa kugusana tu, si kama malaria ambayo lazima mbu awe katikati, na kofia, chanuo, mto, mashine ya kinyozi vyote vyabeba. Ndo mana mi nikitafuta kinyozi wa wanangu siangalii staili, naangalia afanya nini akishamaliza kichwa cha mwenzao.

Huyu jamaa wa kile kibanda ukishuka tu steji, hapo nampa maksi zake. Afungua meno ya mashine, asugua nywele zote kwa kibrashi, ndo apulize spiriti na aiwache ilowe kidogo kabla hajashika kichwa chengine. Wengi wapitisha kitambaa cha spiriti juu ya manywele ya mtu wa kwanza, sasa hapo umesafisha nini? Na vile visanduku vya taa ya buluu visiwadanganye, mwanga waua pale ulipofika tu, mashine ikiwa imejaa uchafu hilo ni pambo. Wembe atoa mpya mbele ya macho yako, manake virusi vya hepataitisi B vyaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikamshika mtu.

Kuna mtoto alikuja na mapunye akamrudisha, lakini kwa adabu, akamwita mamake kando akamwambia krimu pekee haitoshi, fangasi imeingia ndani ya nywele, ampeleke hospitali akaandikiwe dawa ya kumeza na huwa ni kama wiki 6 hadi 8 bila kukatiza. Kinyozi huyo jamani!

Sasa taulo. Ni moja, la kijani, lapanguza shingo za watu toka asubuhi na ukiligusa ni maji maji. Yani kazi yote ile ya mashine alafu wanipaka jasho la mwenzangu?? Nikamuuliza, ati mifereji haitoi maji. Haya, sai twenda na leso yetu na hana neno.

Watoto 100, wakubwa 150. Nyota 4, ya tano imeliwa na taulo. Ijumaa asubuhi usijaribu, na wiki ya kufungua shule ndo usahau kabisa.